Kilomita 400 Dhidi ya Nini? Kutafuta Takwimu za Rada kwa Michezo ya Uigaji wa Vita

Anayeunda mapambano kwenye mchezo wa uigaji wa vita huanza vizuri. Ramani ipo, vikosi vimepangwa, ndege zina mafuta na silaha zake. Akifika kwenye rada, huandika jina lake mtandaoni, akakuta "umbali: kilomita 400", akaijaza kwenye hifadhidata, kisha akashangaa mbona kombora linaloruka mita 50 juu ya bahari linagunduliwa mapema sawa na ndege kubwa ya abiria. Kosa si la mchezo. Umbali wa kuona si sifa ya rada kama ulivyo uzito wake au idadi ya magurudumu ya lori linaloibeba. Ni jibu la hesabu, na anayenukuu jibu bila swali hajanukuu kitu. Kinachofaa kutafutwa ni viungo vya hesabu hiyo: nguvu, urefu wa wimbi, ukubwa wa antena, muda wa mpigo na idadi ya mapigo kwa sekunde. Hivyo hupatikana kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani, tena vina faida moja kubwa: unaweza kuvisutanisha.

Tahadhari ya lugha kwanza. Neno "masafa" kwetu lina mizigo miwili, umbali na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na kwenye mada hii mizigo hiyo hugongana ndani ya sentensi moja. Hapa chini "masafa" ni megahezi na gigahezi tu. Kilomita zitaitwa umbali.

Namba iliyopoteza swali lake

Umbali uliochapishwa unaweza kuwa mwisho wa skrini: hapo rada inaacha kusikiliza mpigo mmoja na kutuma mwingine, au mfumo wake wa kompyuta unaacha kuchora. Vijitabu vya matangazo vya watengenezaji huupenda huu kwa sababu ndio mrefu kuliko yote. Unaweza pia kuwa umbali wa kugundua shabaha ya ukubwa fulani kwa uwezekano fulani. Au ni umbali wa kufuatilia na kuongoza kombora, ambao kwa kawaida ni mfupi zaidi. Hifadhidata nyingi huvichanganya vyote kwenye safu moja.

Ukubwa wa shabaha hupimwa kwa eneo la mwangwi, yaani mita za mraba ambazo shabaha "inaonekana" kuwa nazo machoni pa rada. Umbali hukua kwa kipeuo cha nne cha mwangwi: ili kuongeza umbali mara mbili, mwangwi lazima ukue mara 16. Chukua ile rada ya kilomita 400 na udhani imepimwa dhidi ya ndege kubwa ya mita 20 za mraba. Shabaha ya mita 1 ya mraba itaonekana kwa kilomita 189 hivi, ya mita 0.1 kwa kilomita 106, ya mita 0.01 kwa kilomita 60. Rada ni ileile na hakuna kilichobadilishwa ndani yake.

Uwezekano nao una uzito ambao watu hawautarajii. Tuseme mwangwi wa shabaha unapanda na kushuka kwa mtindo ambao vitabu huuita Swerling 1, kwa jina la Peter Swerling aliyeueleza miaka ya 1950, na tuseme rada inaruhusu mwangwi wa uongo mmoja tu katika majaribio milioni. Kwa mpigo mmoja, kugundua kwa asilimia 50 kunahitaji ishara iliyoizidi kelele kwa desibeli 12.8 (katika kipimo hiki kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu). Asilimia 90 inadai desibeli 21.1. Tofauti hiyo ya desibeli 8.4 hugeuza kilomita 100 kuwa 62. Kwa hiyo vyanzo viwili vinavyopishana kwa theluthi nzima vinaweza vyote kuwa sahihi. Kimoja kimenukuu asilimia 50, kingine 90, na hakuna aliyesema.

Kuna kipimo kimoja cha haraka cha kunasa namba za skrini. Gawanya 150,000 kwa idadi ya mapigo kwa sekunde; unapata kilomita ambazo mwangwi unaweza kwenda na kurudi kabla mpigo unaofuata haujatoka. Mapigo 375 kwa sekunde hutoa kilomita 400 kamili. Ukikuta jedwali linalodai kilomita 400 pamoja na mapigo 1,000 kwa sekunde, ambayo hutoa 150 tu, basi namba hizo mbili zimetoka kwenye hali mbili tofauti za kazi za rada hiyo, au moja ni ya uongo, au rada inabadilisha mpangilio wa mapigo ili kutegua utata huo. Vyovyote iwavyo, usizijaze pamoja.

Dunia ni duara, na rada inalijua hilo

Kwa rada za ardhini na melini, upeo wa macho hupunguza umbali kabla nguvu haijaisha. Kanuni ni fupi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha shabaha kwa mita, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita, na kupinda kwa kawaida kwa mawimbi hewani tayari kumo. Antena iliyo mita 10 juu ya ardhi huiona shabaha ya mita 50 kwa kilomita 42, ya mita 1,000 kwa 143, ya mita 10,000 kwa 425. Ukiigeuza kanuni hiyo, rada yetu ya kilomita 400 haiwezi kuona kitu chochote umbali huo ikiwa kiko chini ya mita 8,800 hivi, hata kikiwa na ukubwa wa ghala.

Kwenye mawimbi marefu hali ni mbaya zaidi kuliko upeo peke yake. Mwale wa chini hugonga ardhi, hurudi juu na kukutana na ule wa moja kwa moja. Karibu na upeo miale hiyo miwili hufutana. Ncha ya kwanza yenye nguvu hukaa kwenye pembe ya urefu wa wimbi ukigawanywa kwa mara nne ya urefu wa antena. Rada ya P-18 ya Kisovieti, inayofanya kazi kati ya megahezi 150 na 170, ina wimbi la karibu mita 1.9. Antena ikiwa mita 6 juu ya ardhi, ncha hiyo iko nyuzi 4.5. Ndege iliyo mita 500 juu na kilomita 60 mbali iko chini ya nusu nyuzi. Ndiyo maana nyaraka nzuri za rada za aina hii hazitoi umbali mmoja bali jedwali la umbali kwa kila kimo, na anayechukua mstari wa mwisho peke yake, ule wa juu kabisa, ametupa jedwali zima.

Majina na herufi, mtego wa kwanza kwenye nyaraka

Kuna mifumo miwili ya herufi za bendi, yaani vipande vya masafa, na yote hutumika leo. Ule wa wahandisi, uliotokana na Vita vya Pili vya Dunia, una L kwa gigahezi 1 hadi 2, S kwa 2 hadi 4, C kwa 4 hadi 8, X kwa 8 hadi 12. Ule wa NATO huenda kwa alfabeti: D ni 1 hadi 2, E ni 2 hadi 3, F ni 3 hadi 4, G ni 4 hadi 6, H ni 6 hadi 8, I ni 8 hadi 10, J ni 10 hadi 20. Hati ikitaja S au X, mwandishi yuko kwenye mfumo wa kwanza. Ikitaja E, F, I au J, yuko kwenye wa pili. Balaa ni C, K na L. "Bendi ya C" kwa mhandisi ni wimbi la sentimita 4 hadi 7.5, kwa NATO ni gigahezi 0.5 hadi 1, wimbi la sentimita 30 hadi 60. Kosa la herufi moja hukupa antena isiyowezekana.

Majina ya NATO kwa vifaa vya Kisovieti nayo yanahitaji mkono mwepesi. Spoon Rest A ni P-12 na Spoon Rest D ni P-18. Herufi ya mwisho ikidondoka, rada mbili huwa moja. Slot Back ni jina lililopewa rada ya MiG-29 na pia ile ya Su-27, ambazo hazilingani kwa antena wala kwa uwezo. Fan Song, rada ya kuongoza makombora ya S-75, ilianza kwenye wimbi la sentimita 10 na matoleo ya baadaye yakahamia sentimita 6. Tafuta kwa jina la kiwandani, kama SNR-75 kwa Fan Song au 1S91 kwa rada ya makombora ya Kub, tena kwa herufi za Kisirili ukiweza. Matokeo hubadilika kabisa.

Upande wa Marekani jina lenyewe ni maelezo. Katika AN/APG-68, A ni ndege, P ni rada, G ni kuongoza silaha. AN/TPS-43: T ni ya ardhini na ya kuhamishika, S ni ya upekuzi. AN/SPY-1: S ya kwanza ni meli. Alama ya toleo iliyo kwenye mabano mwishoni si pambo. APG-68 ya toleo la 1 na ya toleo la 9 zisijazwe kwa namba zilezile.

Palipo na takwimu zenyewe

Chanzo kinachopuuzwa zaidi ni cha wasimamizi wa masafa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hutoa mapendekezo yanayoeleza tabia za rada ili huduma nyingine zisizivuruge: M.1463 kwa megahezi 1,215 hadi 1,400, M.1464 kwa 2,700 hadi 2,900, M.1465 kwa 3,100 hadi 3,700, M.1796 kwa 8,500 hadi 10,680. Ndani yake mna majedwali ya nguvu ya kilele, muda wa mpigo, mapigo kwa sekunde, nguvu ya antena (kiasi inavyokusanya nishati upande mmoja), upana wa mwale, aina ya upekuzi na kelele ya kipokezi. Ni bure. Kasoro ni moja tu: rada hazina majina, zimeandikwa kama mfumo wa kwanza, wa pili, au kwa herufi. Hilo halizuii kazi. Jedwali husema kama rada iko ardhini, melini au angani, na ukishajua bendi na ukubwa wa antena kutoka kwenye picha, mara nyingi hubaki mgombea mmoja au wawili. Hata usipompata, umepata mfano halisi wa rada ya kizazi hicho, ambao ni bora kuliko namba iliyobuniwa. NTIA, inayosimamia masafa ya serikali ya Marekani, nayo ina ripoti za kiufundi zenye vipimo vya rada vilivyochukuliwa uwanjani.

Kwa vifaa vya Kisovieti, hazina ni miongozo ya mafunzo na ya matengenezo iliyobaki katika nchi zilizokuwa za Mkataba wa Warsaw. Baada ya 1990 mingi ilitoka kwenye maghala ya Ujerumani Mashariki, Poland, Czechoslovakia na Hungaria, ikiwa katika lugha za huko na Kirusi. Faida yake ni kwamba iliandikwa kwa fundi wa zamu: inatoa jedwali la kimo, aina ya ndege iliyotumika kupimia, na hali ya mitambo. Kinyume chake, tathmini za kijasusi za zamani, kama zile zilizo kwenye chumba cha kusomea cha CIA, zinaonyesha kile Marekani ilichodhani mwaka fulani. Zinafaa sana ukitaka mchezo uwe na ukungu wa vita wa 1965, na hazifai kama ukweli wa rada yenyewe. Hifadhi ya DTIC, kituo cha taarifa za kiufundi cha wizara ya ulinzi ya Marekani, ina ripoti za utafiti zilizoruhusiwa kwa umma. Tafuta humo mbinu na vipimo vya mwangwi wa ardhi na bahari zaidi ya majina ya rada.

Rada za kiraia zisidharauliwe. WSR-88D, rada ya hali ya hewa ya Marekani, na ASR-9 ya viwanja vya ndege zimeelezwa hadharani kwa undani ambao hakuna rada ya kivita itakayokuwa nao. Hizo ndizo mizani ya kupimia kanuni zako kabla hujazitumia kwenye kitu usichokijua.

Kusutanisha namba

Anza na antena. Upana wa mwale kwa nyuzi ni takriban 70 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa upana wa antena. WSR-88D ina sahani ya mita 8.5 na wimbi la karibu sentimita 10.7: kanuni hutoa nyuzi 0.88, na upana unaochapishwa ni kidogo chini ya nyuzi 1. Uso wa SPY-1 una upana wa mita 3.65 hivi, kwa gigahezi 3.3 jibu ni nyuzi 1.74, na unaochapishwa ni 1.7. Kanuni inayopita mizani miwili hivi inaaminika kwa rada ambayo una picha yake tu. Pima antena kwenye picha kwa kulinganisha na lori linalojulikana au mtu aliyesimama karibu, bora kwenye picha iliyopigwa uso kwa uso. Pembe ya nyuzi 30 hupunguza upana kwa asilimia 13.

Kisha nguvu. Nguvu ya wastani ni nguvu ya kilele mara muda wa mpigo mara mapigo kwa sekunde. Megawati 1.1 kwa mpigo wa mikrosekunde 1.05 na mapigo 1,000 hutoa kilowati 1.2 hivi. Chanzo kikisema kilowati 1,100 za wastani kwa rada hiyo, kimechanganya kilele na wastani. Hili hutokea kila mara.

Sasa hesabu yenyewe, kwa ASR-9, katika desibeli. Kilele cha megawati 1.1 ni 60.4. Nguvu ya antena, karibu desibeli 34, huingia mara mbili, kwenda na kurudi: 68. Wimbi la mita 0.107 kipeo cha pili ni −19.4. Shabaha ya mita 1 ya mraba ni sifuri. Ondoa 33 za jiometria: unabaki na 76. Kelele ya kipokezi chenye upana wa megahezi 1 na ubovu wa desibeli 4 ni −140, kwa hiyo umbali uliopo ni 216. Ondoa 13 za ishara inayohitajika na 10 za upotevu: 193. Gawanya kwa 4, ni 48.25, sawa na kilomita 67.

Kilomita 67 ni chache mno kwa rada inayohudumia hadi maili 60 za baharini, yaani kilomita 111. Kilichosahaulika ni mapigo mengi. Mwale wa nyuzi 1.4 unaozunguka mara 12.5 kwa dakika huigonga shabaha mara 18 au 19 kila unapopita, na kuyajumlisha huongeza takriban desibeli 10. Jibu linakuwa kilomita 119. Kwa kazi ya mchezo, hiyo inatosha kabisa. Wanaosahau ujumlishaji huzikadiria rada zote chini. Wanaosahau upotevu huzikadiria juu. Wanaosahau vyote viwili wakati mwingine hupata jibu sahihi kwa bahati, na hao ndio wagumu kuwasahihisha.

Zingatia pia maili. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu 1.609. Namba ya Kirusi ya kilomita hugeuzwa maili na mwandishi wa Magharibi, kisha hurudishwa kilomita na mwingine kwa maili isiyo yake, na asilimia 15 inazaliwa bila baba. Ukiona kilomita 463 au 370, hizo ni maili 250 na 200 za baharini zilizovaa nguo nyingine. Namba ya asili ilikuwa ya duara, na pengine ilikuwa ya skrini.

Upande wa shabaha

Jedwali linalorudiwa katika vitabu vya rada hutoa, kwa mawimbi mafupi, mita 2 za mraba kwa ndege ndogo ya kivita, 6 kwa kubwa, 20 kwa ndege ya abiria ya wastani, 40 kwa ndege kubwa ya mabomu, 0.5 kwa kombora la kawaida lenye mabawa, 0.01 kwa ndege mnyama. Hizo ni wastani. Ubavu wa ndege unaweza kuizidi pua yake kwa desibeli 20 au zaidi, kwa hiyo mchezo unaoruhusu namba tatu, za mbele, ubavu na nyuma, upewe tatu. Namba za mawimbi mafupi zisipelekwe kwenye rada ya mita 1.9: hapo wimbi linakaribia urefu wa vipande vya ndege kama mkia, na maumbo ya kujificha hupoteza sehemu ya kazi yake. P-18 ndiyo iliyokuwa ya upekuzi kwa kikosi cha makombora ya S-125 kilichoangusha ndege ya kujificha ya Marekani, F-117, huko Serbia tarehe 27 Machi 1999.

Kwa meli kuna kanuni ya kukadiria: 52 mara kipeuo cha pili cha masafa kwa megahezi, mara uzito wa meli kwa maelfu ya tani uliopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Meli ya tani 4,000 kwa megahezi 9,400 hutoa mita za mraba 40,000 hivi. Kwa mwangwi huo, kinachoificha meli ni upeo wa macho tu.

Ndege za kujificha hazina namba ya wazi inayostahili imani. Usitafute, chagua daraja, 0.01 au 0.001, na ujaribu yote mawili. Kosa la mara kumi hubadilisha umbali kwa mara 1.78 tu. Kipeuo cha nne kina huruma.

Mduara wa kunakiliana, na mpaka wa sheria

Vyanzo vitano vinavyokubaliana vinaweza kuwa kimoja. Ukurasa wa ensaiklopedia hunakili tovuti ya wapenzi wa silaha, ambayo ilinakili hifadhidata ya mchezo wa zamani, na mchezo mpya hunakili ensaiklopedia. Dalili ni kosa la pamoja: tahajia ileile mbovu, desimali ileile ya ajabu. Kando ya kila namba andika imetoka wapi na daraja lake: imepimwa, imetoka kwenye mwongozo, imetoka kwenye tangazo, imekokotolewa, imekisiwa. Mwaka mmoja baadaye safu hiyo ina thamani kuliko namba zenyewe.

Na kuna mahali pa kusimama. Mwaka 2021 mchezaji mmoja alichapisha sehemu za mwongozo wa kifaru cha Uingereza, Challenger 2, ili kushinda ubishi kuhusu mchezo. Miongozo inayouzwa kwenye minada ya mtandaoni nayo si salama kwa sababu tu haina muhuri wa siri: Marekani hudhibiti pia usafirishaji nje wa hati za kiufundi za silaha, na mwaka 2019 mtengenezaji wa michezo ya ndege alifikishwa mahakamani huko kwa miongozo ya F-16. Hesabu ya hapo juu haikuhitaji hata ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Kuingiza mchezoni

Angalia kwanza mchezo unafanya hesabu gani. Baadhi huchukua umbali wa juu kama ukuta na kuishia hapo; kwa hiyo weka umbali wa shabaha ya rejea ambayo mchezo wenyewe unaitumia, kisha acha upeo wa macho kwa injini ya mchezo, vinginevyo utaupunguza mara mbili. Mingine hukokotoa kutoka nguvu na antena. Hapo tafuta kama upotevu na ujumlishaji wa mapigo vimo. Kama havimo, vibane ndani ya namba ya kelele na uandike kwamba umefanya hivyo. Mpigo wa mikrosekunde 1 hutenganisha shabaha kwa mita 150, ila rada inayobana mpigo hutenganisha vizuri zaidi, kwa hiyo usitumie kanuni hiyo bila kuuliza. Rada ya Doppler, inayotenganisha shabaha kwa kasi yake, yenye wimbi la sentimita 10 na mapigo 1,000 huwa kipofu kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde na marudufu yake, isipobadilisha mpangilio wa mapigo. Mchezo usiojua hilo hutapata namba ya kuurekebisha.

Mwisho, jaribu. Weka rada moja kwenye bahari tupu, bila upepo wala vita vya kielektroniki. Rusha shabaha ya mita 1 ya mraba kuelekea kwake kwa mita 50, 1,000 na 10,000, mara kumi kila kimo, ukiandika umbali wa kugunduliwa. Kwa antena ya mita 10, safari za chini zikianza kugunduliwa mbali zaidi ya kilomita 42, mchezo au namba yako imeiweka antena juu mno. Safari za juu zikigunduliwa zote kumi kwenye kilomita ileile bila kutawanyika, mchezo unatumia ukuta, na asilimia zako za kugundua hazisomwi kabisa.